Bembea ya Idd Tabora na Formula Rossa ya Abu Dhabi: ipi inatisha zaidi?

Leo tubishane kidogo kuhusu hofu.

Nina binamu yangu, mzaliwa wa Tabora kama mimi, anafanya kazi Abu Dhabi. Juzi kati alinitumia ujumbe wa sauti huku anacheka mpaka anakohoa. Alikuwa ametoka kupanda Formula Rossa, ile rola kosta ya Ferrari World inayofika kilomita 240 kwa saa. Nikamuuliza, vipi, ulilia? Akanijibu: "Kaka, kasi ipo, siyo siri. Lakini kwa hofu haifikii ile bembea ya Idd ya nyumbani. Ile nilijua nakufa kweli."

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Maana ukiangalia orodha zote za michezo ya kutisha duniani, zinapangwa kwa namba mbili tatu: kimo, kasi, na uzito unaoelemea mwili. Kwa vipimo hivyo bembea ya Tabora haipo hata mkiani. Ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa, minyororo, ubao wa kukalia, na kijana mmoja mwenye mikono mirefu anayesukuma kwa shilingi mia tano. Sasa kama binamu yangu anasema kweli (na kwa kawaida hasemi uongo isipokuwa kwenye mpira), basi orodha hizo zinapima kitu kingine, siyo hofu. Ndicho ninachotaka kukuonyesha, ingawa mwishoni nitakuwa na ugomvi na bembea yetu pia.

Tuanze na mkubwa, tumpe heshima yake. Formula Rossa ilifunguliwa 2010, na kwa zaidi ya miaka kumi hakuna rola kosta iliyoipita kwa kasi. Inarushwa kwa mtambo unaofanana na ule unaorusha ndege kutoka juu ya meli za kivita. Abiria wanavalishwa miwani, kwa sababu kwa kasi ile mdudu mmoja au chembe ya mchanga inatosha kukuharibia jicho. Chukua kalamu tupige hesabu ya darasani: kilomita 240 kwa saa ni kama mita 67 kwa sekunde, na inazifikia ndani ya sekunde 4.9 hivi. Gawanya, unapata mchapuko wa mita 13.6 kwa sekunde kila sekunde. Mvutano wa dunia unakupa 9.8. Yaani kwa karibu sekunde tano kiti kinakusukuma mgongoni kwa nguvu inayozidi uzito wako mwenyewe, kama mara 1.4. Hilo siyo jambo dogo. Kifua kinabanwa, mashavu yanarudi nyuma.

Lakini baada ya hapo? Baada ya hapo una kasi tu, na mwili wa binadamu hauna chombo cha kupima kasi. Hili watu wengi hawalijui. Sikio la ndani lina vyombo vya aina mbili. Kuna mifereji mitatu yenye majimaji, inayotambua kichwa kinapozunguka. Na kuna vijiwe vidogo sana vya chokaa vilivyolala juu ya utando wenye vinyweleo, vinavyotambua unapoongezewa au kupunguziwa mwendo, au unapolala upande. Vyote viwili vinapima mabadiliko. Mwendo usiobadilika haviuoni. Ndiyo maana kwenye ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa unakunywa chai na haimwagiki.

Mfano wa karibu zaidi ni treni zetu. SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria 2024, ilijengwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, na ndani watu wanakoroma. Halafu njoo upande ile ya reli ya zamani kutoka Tabora kwenda Kigoma, reli ya mita moja, ambayo ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mwendo wake siyo wa kumtishia mtu. Lakini simama kwenye maungio ya mabehewa usiku, ukielekea chooni, sakafu mbili zinacheza kila moja kivyake, chini unaona giza linakimbia. Hapo utashika chuma kama umeshika mali ya urithi. Treni yenye kasi ndogo ndiyo yenye hofu kubwa, kwa sababu kila sekunde inakuletea kitu ambacho sekunde iliyopita haikukiahidi.

Na historia ya michezo hii yenyewe inathibitisha. Mwaka 1884, LaMarcus Thompson alifungua reli yake ya kuteremka pale Coney Island, New York. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 10 kwa saa. Kumi! Mtu anayekimbia mchakamchaka anaipita. Watu walipanga foleni na kulipa senti tano wapate kuogopa. Mwaka 1895, hapo hapo Coney Island, ikaja Flip Flap, reli yenye kitanzi cha duara kamili ambapo unapinduka kichwa chini. Ukikaa na kanuni za nishati utaona tatizo mara moja: kwenye kitanzi cha duara, tofauti ya uzito unaousikia chini na juu ni mara sita ya uzito wako. Ili usidondoke kule juu, lazima kule chini ubebe mara sita au zaidi. Shingo za watu ziliumia. Suluhisho lilikuja kutamba 1976, pale mhandisi Werner Stengel alipochora kitanzi chenye umbo la tone la maji kwa ajili ya rola kosta moja ya California: juu kimebana, chini kimepanuka, unapinduka vilevile lakini mzigo mwilini unapungua sana. Angalia vizuri kilichotokea hapo. Nguvu ilipunguzwa, na hofu ilibaki palepale. Ni vitu viwili tofauti.

Sasa twende viwanjani kwetu, Idd Pili, saa kumi jioni.

Kwa msomaji ambaye hajafika Tabora: mji wetu ni tambarare, juu ya uwanda wa karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na miembe mikubwa ndiyo milima yetu. Mtoto wa Tabora anajifunza kuogopa kimo juu ya mwembe. Idd inapofika, bembea zinasimamishwa uwanjani, na ziko za aina mbili. Moja ni ya viti vinavyoning'inia kwa minyororo kuzunguka nguzo, vijana wanaisukuma kwa kukimbia. Nyingine ni ya kwenda mbele na nyuma, ndiyo anayoisema binamu yangu.

Ile ya kuzunguka niipitie haraka, ni tamu kwa macho kuliko kwa tumbo. Ukitaka kujua inakubana kiasi gani huhitaji kifaa chochote, angalia mnyororo umelala kwa pembe gani. Ukifika nyuzi 45, unasikia uzito mara 1.4 hivi. Ndiyo, umeona: namba ileile niliyokupa ya kurushwa kwa Formula Rossa. Vijana watatu wenye kandambili wanakupa walau theluthi moja ya hesabu ya Ferrari. (Hapa nachokoza, kiti cha Formula Rossa kinakusukuma mara 1.4 juu ya uzito wako wa kawaida unaokuvuta chini, kwa hiyo jumla ni kubwa zaidi. Lakini acha nifurahi kidogo.) Shida yake ni kwamba inazunguka sawasawa. Baada ya mizunguko mitatu mwili umeshaelewa, kinachobaki ni kichefuchefu.

Bembea ya mbele na nyuma ndiyo kazi ya sanaa. Ukipandishwa mpaka mnyororo uwe nyuzi 60 kutoka wima, ukipita chini unasikia uzito mara mbili. Ukifika nyuzi 90, yaani mnyororo umelala sambamba na ardhi, ukipita chini unasikia mara tatu. Na jambo la ajabu ni kwamba urefu wa mnyororo haumo kwenye hesabu hiyo. Bembea ya mtoto chini ya mwembe na bembea kubwa ya Idd zinatoa uzito uleule kama pembe ni ileile. Urefu unabadilisha kasi na muda tu: mnyororo wa mita tatu ukiachiwa kutoka nyuzi 60, kiti kinapita chini kwa karibu kilomita 20 kwa saa.

Lakini siyo chini unapoogopa. Unaogopa juu. Kule juu uzito unayeyuka: kwenye nyuzi 60 umebaki nusu, kwenye 90 hakuna kabisa. Matumbo, ambayo siku zote yananing'inia ndani ya mwili kama nguo kwenye kamba, ghafla hayavutwi tena. Ndiyo ile hali ya tumbo kubaki nyuma. Ukizidi nyuzi 90, mnyororo unalegea, unakuwa huna kitu kinachokushika kwa sehemu ya sekunde, halafu unakazwa ghafla, kwaa! Mlio ule na mshtuko ule hakuna rola kosta ya kisasa inayokupa, kwa sababu wahandisi wao wanatumia maisha yao yote kuuondoa.

Kwa hiyo kwa upande wa mwili, binamu yangu ana hoja nusu. Nusu ya pili iko kichwani. Formula Rossa ina kizuizi kinachokufunga kiunoni, reli iliyokaguliwa, kompyuta inayohesabu kila behewa liko wapi. Akili yako inajua. Unapiga kelele, lakini kuna sehemu ndani yako imekaa inasubiri picha. Kwenye bembea yetu hakuna mkanda. Unashika mnyororo kwa mikono yako, na ukiinua macho unaiona ile sehemu iliyochomelewa, unaiona inavyocheza.

Nadhani umeshaanza kuona tunapoelekea. Kuna nguvu inayougusa mwili, kuna hofu iliyo kichwani, na kuna hatari yenyewe. Vitu vitatu, na orodha zinavitia kwenye gunia moja. Hatari peke yake haiuziki. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita njia hii ya misafara, na mizigo ya kilo thelathini na kitu mabegani, walivuka mto Malagarasi kwa mitumbwi wakijua mamba wako chini. Mwaka 1871 punda mmoja wa Stanley alikamatwa na mamba palepale wakati wa kuvushwa. Hofu ilikuwepo ya kutosha, na hakuna aliyelipa kiingilio ili aipate. Wao ndio waliolipwa, tena ujira wa kazi.

Kinachouzika ni hofu iliyotenganishwa na hatari. Na siyo hofu nyingi kadiri iwezekanavyo. Mwaka 2020 Marc Malmdorf Andersen na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika kwenye nyumba ya vitisho mjini Vejle, Denmark. Waliwafunga watu 110 vipima mapigo ya moyo, wakawarekodi kwa kamera, wakawauliza walivyojisikia. Ukichora furaha dhidi ya hofu, mstari unapanda, unafika kileleni, halafu unashuka. Hofu kidogo sana inachosha, hofu nyingi mno inaumiza, utamu uko katikati. Na hiyo katikati inatofautiana mtu na mtu.

Sasa nifike kwenye hukumu yangu, ambayo wenzangu wa maabara wameikataa, na nawakaribisha nanyi muikatae. Kama mashine ya kutengeneza hofu tamu, bembea ya Idd ni bora kuliko Formula Rossa, na sababu ni yule kijana anayesukuma. Formula Rossa inamrusha kila mtu sawasawa: bibi wa miaka sitini, kijana mlevi wa kasi, mtu aliyeshawishiwa na rafiki. Haioni uso. Kijana wa bembea anauona. Nimemwangalia kwa muda mrefu Idd iliyopita. Mtoto akikakamaa, anapunguza. Mtoto akicheka, anaongeza kidogo, anasubiri, anaongeza tena. Ukipiga kelele "basi!" anajua kutofautisha basi ya kweli na basi ya mapozi. Kila mtoto anapewa kilele chake mwenyewe cha ule mstari wa Denmark, na hajasoma utafiti wowote. Kuna wahandisi wangelipa fedha nyingi kupata kifaa cha namna hiyo.

Isipokuwa kwamba kijana huyu stadi anafanya kazi juu ya chuma cha hovyo, na hapa ndipo sifa zangu zinapokoma.

Idd hiyohiyo nilikuwa na mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka saba. Ameshapanda, anasukumwa, anacheka. Nikainua macho kama nilivyozoea. Kulabu moja ya juu, ile inayoshika mnyororo, ilikuwa imefunguka mdomo. Siyo kidogo. Kidole changu kingepita. Nikapiga kelele wasimamishe. Mwenye bembea, simtaji wala sitaji uwanja, akaniambia maneno ambayo nayaandika kama yalivyo: "Mzee, hii ina miaka sita haijawahi kuanguka." Tulimteremsha mtoto, analia, ananiona mimi ndiye mbaya. Dakika mbili baadaye kiti kilekile kilikuwa na watoto wawili wengine. Nilijaribu kubishana, foleni ikanizomea. Nikaondoka. Bado sijajisamehe kuondoka.

Jibu la "miaka sita haijaanguka" lina kosa la kisayansi, na ni vizuri ulijue, maana utalisikia mahali pengi. Chuma kinachoka. Kipande kinachobeba mzigo mmoja uliotulia kinaweza kukaa miaka mia. Kipande hichohicho kikibebeshwa na kupumzishwa, kikibebeshwa na kupumzishwa, kinaota ufa mdogo kwenye kona au kwenye mshono wa kuchomelea, na ufa unakua kidogo kila mara, kimya kimya. August Wöhler alilionyesha hili katika karne ya 19 kwa ekseli za mabehewa ya treni zilizokuwa zikikatika bila kuzidishiwa mzigo. Bembea yenye mnyororo wa mita tatu inakwenda na kurudi kwa sekunde 3.5 hivi. Kwa saa nane za sikukuu hiyo ni zaidi ya mara elfu nane, na kila safari mnyororo unavutwa mara mbili, mbele na nyuma. Weka vijana wawili wa kilo 70, wakisimama, kwenye pembe ya nyuzi 60: kila wakipita chini kulabu zinavutwa kana kwamba zimening'iniza kilo 280. Miaka sita iliyopita, basi, siyo ushahidi wa usalama. Ni sehemu ya deni.

Kwa hiyo ukiwa mjomba, shangazi, au kaka mkubwa uliyetumwa na watoto, kabla hujatoa mia tano zungusha macho. Kulabu iwe imefunga mdomo. Pete ya mnyororo inapokutana na kulabu isiwe imelika mpaka nusu. Kwenye mshono wa kuchomelea, mstari mwembamba wa kutu unaotoka kwenye rangi nzima mara nyingi ni ufa unaotoa ulimi. Miguu ya bembea isiinuke ardhini mtu akifika mbele kabisa. Na wasiopanda wakae mbali na njia ya kiti, ule ubao unaopita kwa kilomita 20 kwa saa ukiwa na mtu juu yake ni kama kugongwa na bodaboda. Yote haya ni kazi ya dakika moja, na fundi wa kuchomelea yupo kila mtaa wa Tabora. Mwenye bembea akibadilisha kulabu zote kila mwaka, hofu ya mteja haipungui hata chembe, kwa sababu mteja haogopi kulabu. Anaogopa kimo na tumbo kubaki nyuma. Stengel alilijua hilo.

Jambo la pembeni, kwa wale mlioniuliza kuhusu kiti cha nyuma cha basi. Ndiyo, kinarusha zaidi, kwa sababu kiko nyuma ya ekseli na kinafanya kazi kama ncha ya mbao iliyowekwa juu ya jiwe. Kwenye rola kosta ni vilevile. David Wartinger wa Michigan State University alichapisha mwaka 2016 majaribio ya mfano wa figo lenye mawe ndani, aliousafirisha kwenye rola kosta moja ya Florida. Walipokaa kiti cha nyuma, mawe yalitoka mara 23 kati ya 36. Kiti cha mbele, mara 4 kati ya 24. Waliosafiri Tabora kwenda Mpanda enzi za vumbi wanaweza kuwa walitibiwa bila kujua.

Nilimwandikia binamu yangu haya yote. Hakugusa hoja hata moja. Aliuliza tu kama yule kijana anayesukuma bado yupo, maana Idd ijayo ana likizo. Nimemwambia yupo. Nimemwambia pia kwamba safari hii nitakwenda asubuhi, kabla ya foleni, nikiwa na kulabu mpya nne na spana mfukoni, na kwamba mpwa wangu ameshatangaza hataki kwenda na mimi.